Flashi ya DJ Mkubwa
Hongera, DJ wetu. MP3 umezikataa, eti zinakwaruza masikio. Flashi yako imejaa FLAC tupu, tena umeifomati kwa NTFS, maana FAT32 ni ya wazee. Basi mashine ya ukumbini, CDJ-2000 ya mwaka 2009, nayo ni ya wazee: NTFS haiitambui, na FLAC haijapata kuisikia. (Mdogo wake wa 2016, NXS2, FLAC anaisoma, ila hakualikwa.) Bibi harusi kasimama mlangoni, wewe unachomoa flashi, unaipuliza, unachomeka tena, kana kwamba tatizo ni vumbi. Muziki ukatoka kwenye simu ya shangazi, MP3 ya kutumiwa WhatsApp, na watu wakacheza. Kaifomati FAT32, kaka, utie MP3 za 320 kbps au WAV.