Namna ya Kulifumia Wavu Ganda la Pampu Usipate Jibu

Faili la ganda la pampu limefika. Bosi anataka kujua kama chuma kitahimili shinikizo la bari 16, na anataka kujua Ijumaa. Kazi yako ni kuligawa umbo hilo katika vipande vidogo vidogo, yaani kulifumia wavu, ili kompyuta ikokotoe mkazo wa kila kipande. Fuata maelekezo haya, na Ijumaa itapita salama bila jibu.

Anza kwa kutouliza umbo lilichorwa kwa kizio gani. Faili la STEP hutaja kizio chake, kwa hiyo afadhali uombe STL, ambalo ni rundo la pembetatu zisizojua milimita wala inchi. Ganda la milimita 400 likifunguka lina mita 400, lifumie wavu hivyo hivyo. Programu haicheki; watacheka watu wa karakana.

Kisha heshimu kila alichochora mchoraji. Nembo ya kampuni imechongwa ubavuni kwa kina cha milimita 0.3? Ibaki. Nyuzi za bolti za M12, zinazopishana kwa milimita 1.75, zibaki zote, ingawa hakuna aliyekuuliza habari za bolti. Kila ukipunguza urefu wa kipande kwa nusu, idadi ya vipande huwa takriban mara nane. Ukishuka kutoka milimita 5 hadi 0.5 ganda zima, ni mara 1,000. Feni ya kompyuta itanguruma, na ofisi nzima itajua kuna mtu anachapa kazi.

Ukichoka kuheshimu, futa. Wa kwanza kufutwa ni mviringo unaolainisha kona, kwani ndio unaozaa nyuso nyembamba zinazoikwaza programu. Kuna wajuzi wanaobagua: mviringo wa nje, kwenye ukingo usiobeba mzigo, wanaufuta bila hasara, wa ndani, pale shingo ya bomba inapokutana na ganda, wanauacha, kwa sababu hapo mkazo hujikusanya na ufa hupenda kuanzia hapo. Wewe usibague. Kona ya ndani ikishakuwa kali kabisa, kihesabu mkazo wake hauna kikomo, kwa hiyo kila ukifuma wavu mdogo zaidi unapata namba kubwa zaidi. Leo megapaskali 180, kesho 260, keshokutwa 390. Mwambie bosi unakaribia. Asipouliza unakaribia nini, una kazi hadi ustaafu.

Zimebaki nyufa. Nyuso mbili zilizokuwa zimegusana katika programu ya mchoraji huweza kufika kwako zimeachana kwa sehemu ndogo ya milimita, maana kila programu ina kipimo chake cha kuamua kwamba nukta mbili ni moja. Tafuta sehemu ya kuponya umbo, uongeze kipimo hicho hadi nyufa zote zizibe. Mfereji wa oringi ukiziba nao, shukuru: kwenye skrini hakuna pampu inayovuja. Na usithubutu kuiamuru programu izihesabu nyuso nyembamba kadhaa kuwa uso mmoja wakati wa kufuma, bila kuligusa umbo lenyewe. Njia hiyo ipo, inafanya kazi, na haitoi jasho lolote la kuonyesha watu.

Lakini kosa ambalo lingeharibu mpango wote ni kumpigia simu mchoraji. Faili ulilonalo kwa kawaida halibebi historia ya ujenzi wa umbo. Yeye anayo, hatua kwa hatua. Ungemwambia unachunguza mkazo wa ganda tu, angezima nembo na nyuzi kwa dakika chache, akaacha mviringo wa ndani, akakutumia faili safi. Hilo lingekulazimu kwanza ujue wewe mwenyewe unachunguza nini, jambo ambalo mhandisi mwenye shughuli nyingi hana nafasi nalo.

Mwisho, fanya yote kwa kubofya. Gmsh, programu ya kufuma wavu, ni ya bure na inapokea amri za Python, ila ukiandika skripti kazi itaweza kurudiwa, na sifa ya uvumilivu utaikosa. Alhamisi jioni litaingia toleo B: tundu moja la bolti limesogea milimita 2, na nembo imekuzwa kwa ombi la idara ya masoko.