Risiti ya Masikio

Tuwashukuru waliobuni hesabu ya masikio. Jirani yangu hapa Mtaa wa Aggrey, mpenzi wa bendi ya Sikinde, miaka yote alikuwa gizani: anapenda wimbo bila risiti! Tangu Spotify iingie Tanzania mwaka 2021, kila mwisho wa mwaka anakabidhiwa ripoti ya nyimbo alizosikiliza, dakika kwa dakika, naye anaianika kwenye stetasi kama cheti cha kuhitimu. Mkewe ndiye wa kwanza kutakiwa kuipongeza. Wimbo huhesabiwa ukifika sekunde 30, muda ambao gitaa la Sikinde ndiyo kwanza linabisha hodi. Anauacha mlangoni, anaruka mwingine. Hesabu imeingia.

Juzi usiku tulipita nje ya ukumbi mmoja, bendi inapiga, solo linalia mpaka muuza kahawa kasahau kugonga vikombe. Jirani akachomeka hedifoni.

“Huu hauhesabiwi, bwana,” akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni stendi.

Nikamwelewa. Hata mama yake, aliyembembeleza kwa nyimbo usiku kucha, hana ushahidi wowote. Hakuwa na bando.