Si Upo Tu?

Ningepewa madaraka ya siku moja katika mkoa huu wa Simiyu, nisingegusa barabara wala maji. Ningepiga marufuku sentensi moja, kuanzia Lamadi hadi Meatu, na atakayeitamka apalilie heka nzima ya pamba kwa jembe la mkono. Sentensi yenyewe ni hii: "Si upo tu?"

Mara ya kwanza aliniambia binti yangu, mguu mmoja ukiwa kizingitini na mwingine unatafuta bodaboda. "Mama, nakuachia watoto kidogo. Si upo tu?" Hicho "kidogo" sasa kina mwaka na miezi minne. Yeye anauza mitumba minadani, leo hapa Bariadi, kesho Itilima, keshokutwa Maswa. Mumewe ni dereva wa lori. Wote wawili ni watu wa kwenda. Anayebaki ndiye "yupo tu", na anayebaki ni mimi.

Watoto ni watatu, na majina yao hayakumsumbua mtu. Kwetu Usukumani mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na atakayewafuata ni Shija. Majina yanakuja yameshapanga foleni. Laiti na wenye majina wangepanga foleni hivyo wakati wa kunawa mikono.

Sasa, mimi nina kazi yangu. Nafuma vitambaa vya makochi. Nilijifunza shule ya msingi, kwenye kipindi cha sayansi kimu, kwa mwalimu ambaye akiona tundu moja limekaa upande, anafumua kazi yako yote mbele ya darasa. Baadaye nikaweka sindano pembeni, nikalima, nikazaa, nikaozesha. Halafu Nane Nane ikaletwa kitaifa hapa kwetu Nyakabindi, 2018 hadi 2020, na mwaka mmoja nikaenda kuangalia ng'ombe wa maziwa. Kwenye banda moja nikakuta vitambaa vya makochi, maua yamelegea kama mlenda, bei imesimama wima. Nikarudi nyumbani nimeshakata shauri: uzee wangu utakuwa wa uzi.

Mzee wangu kazi hii anaiita "ya kupotezea muda". Muda upi? Wa kupoteza ningeutoa wapi, na wa kutumia wenyewe sina? Yeye akikaa chini ya mwembe na redio, anasubiri kusikia bei ya pamba, watoto wanaambiwa, "Msimsumbue babu, ana shughuli." Mimi nikishika sindano, wanaambiwa, "Nendeni kwa bibi."

Na uzi wenyewe unanichoma. Pamba hii nimeipanda, nimeipalilia, nimeipulizia dawa, nimeichuma kwa vidole hivi hivi. Ikifika kiwandani inachambuliwa, nyuzi zinafungwa robota, na sehemu kubwa inavuka bahari. Mimi nikitaka donge la uzi wa kufumia naenda dukani mjini, nakuta limeandikwa lugha ambayo hata muuzaji haisomi. Pamba imeondoka Bariadi bila kunilipisha nauli. Inarudi, nauli ya kwenda na kurudi nadaiwa mimi. Nalipa kwa vijisenti vyangu.

Mwezi wa tatu jirani yangu akaniagiza seti nzima: vitambaa saba vya makochi na kimoja cha meza. Binti yake anaolewa. Huku kwetu harusi husubiri pamba iuzwe, kwa hiyo nikahesabu nina miezi minne mizima. Nilihesabu kama mtu asiye na wajukuu.

Alfajiri haifai. Shija anaamka kabla ya jogoo; nadhani ndiye anayemwamsha. Mchana mapacha hawalali pamoja, wanapokezana zamu kama walinzi wa benki. Usiku umeme upo, macho ndiyo hayapo. Tegemeo langu ni Januari, Kulwa na Doto watakapotimiza miaka mitano waende darasa la awali. Serikali ilifuta ada mwaka 2016, nashukuru, lakini kama wangewapokea hata na hii miaka minne ningelipa ada na juu ningeongeza kuku.

Katika shida hiyo nikagundua kipimo cha saa ambacho wazungu hawakukifikiria: tobolwa. Viazi vitamu unavichemsha, unavikata, unavianika juani mpaka vinakuwa kama ngozi ya kiatu. Mpe mtoto tobolwa moja, taya zake zimepata ajira. Nimepima. Tobolwa moja ni mstari mmoja na nusu wa kitambaa. Ua moja ni matobolwa sita. Seti nzima ni gunia na debe juu. Ubaya wake ni kwamba tobolwa huleta kiu, kiu huleta maji, maji huleta haja, na haja ya Shija haingoji mtu amalize mstari.

Kitambaa cha nne nilikiacha kwenye kiti dakika mbili, nikakimbilia jikoni mboga ya nsansa isiungue. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Ncha ya uzi alikuwa nayo Doto mlangoni. Kulwa alikuwa keshafika zizini na kinachobaki cha kitambaa, na njia ya katikati ilikuwa imepitia kwa kuku. "Bibi, ona! Treni ya Malampaka!" Kazi ya siku tisa imerudi kuwa uzi, tena uzi wenye manyoya. Mwalimu wangu wa sayansi kimu angalau alihitaji kosa ndipo afumue.

Kitambaa kikiisha lazima ukikaze, la sivyo kinalala kwenye kochi kama mgonjwa. Mimi nakaza kwa uji mwepesi wa muhogo. Nikaukoroga vizuri, nikauacha upoe, nikaenda kuchukua vitambaa viwili nilivyokwisha kuvifua. Kurudi, sufuria nyeupe pe, Kulwa anajifuta mdomo. "Bibi, leo umesahau sukari."

Nikasikia kuna semina ya wajasiriamali. Nikaenda, Shija mgongoni. Afisa akatueleza ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikanyoosha mkono. Je, bibi anayelea yuko fungu gani? Ukumbi ukacheka. Kijana wa watu akanijibu kwa adabu, "Mayu, wewe upo kwenye nne za wanawake." Kisha akachukua kalamu akaniuliza, kwa siku nafuma saa ngapi? Nikamwambia, siku nzuri, matobolwa matatu. Akaandika. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Halafu ikapotea sindano, ile ya kufumia yenye ndoano kichwani. Tulipekua magodoro, debe la unga, viatu vya mzee. Mwishowe nikamuuliza Shija. Akanishika mkono kwa upole, akanipeleka hadi chooni, akanionyesha shimo. Akatabasamu kama mtu aliyeweka akiba benki.

Kwenda mjini kununua nyingine maana yake ni kubeba watoto watatu kwenye bajaji. Nikatazama baiskeli ya mzee imeegemea ukuta. Spoki ni chuma kizuri, chembamba, hakina kutu. Nikang'oa moja, nikaisugua kwenye jiwe mpaka ikatoa ndoano, nikaichomeka kwenye kipande cha mti. Ikafuma vizuri kuliko ya dukani. Ya kwanza Doto aliikunja akivulia samaki kwenye ndoo. Ya pili ilimfuata mwenzake chooni. Ilipofika ya nne, gurudumu la nyuma lilianza kuyumba kama mlevi anayetoka mnadani.

Jumamosi iliyopita mzee alinijia amekunja uso. "Bibi Kulwa, spoki zangu zinakwenda wapi?"

Nilikuwa nimebakiza maua mawili ya kitambaa cha meza, na harusi ni wiki inayofuata. Sikumjibu la spoki. Nilimtazama yeye, nikautazama mwembe, nikaitazama redio.

"Mzee, waangalie hawa wajukuu nimalizie. Si upo tu?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa. Ua la kwanza nilisikia redio. Kisha redio ikanyamaza. Kisha nikasikia kuku. Kisha nikamsikia mzee anaita majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Kulwa! Doto! Shija! Baada ya hapo akawa anaita jina lolote lililomjia, hata la binti yetu aliyeko Maswa. Mimi kichwa chini, nafuma.

Ua la pili likiwa limebakiza mistari mitatu, mlango ukagongwa. Kwa saa ya ukutani zilikuwa zimepita dakika arobaini na tano.

Nikafungua. Mzee hana kofia. Redio iko kwapani, antena haipo. Shija yuko kwapa jingine, na antena iko naye. Mapacha wamesimama nyuma yake wamejaa matope, wametulia kama wana kwaya. Mkono wake uliobaki huru ulikuwa umeshika spoki, ameing'oa mwenyewe.

"Shika," akaniambia. "Hii ni ya akiba. Na watoto hawa hapa."

Kisha akaenda mjini kwa miguu.