Namna ya Kufikiri Kimyakimya Ukiwa Nyarugusu

Kwanza, acha kuviita vitu majina. Umezoea kusema kiroba hiki cha mawe ya dhahabu ni cha fulani, kile cha mwenye duara, yaani mwenye shimo. Katika J, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1990 na Kenneth Iverson na Roger Hui, mtindo wa kuandika programu kimyakimya hautaki kujua kiroba ni cha nani. Unataka vitenzi tu: saga, osha, pima. Mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, hapo hana cha kujifunza. Karasha halijawahi kuliuliza jiwe jina.

Sasa viunganishe: pima @: osha @: saga. Usishtuke kuona mizani imetangulia karasha. Mlolongo huu huanza kazi kutoka kulia, kwa hiyo anayefanya kazi mwisho ndiye anayeandikwa mbele. Kwenye mgao wa duarani umeshayaona hayo.

Ukishapata kiburi kidogo, tafuta wastani wa viroba vitano vilivyotoa gramu 3, 5, 4, 1 na 7 za dhahabu. Majirani zako wanaotumia lugha nyingine wataandika mistari sita. Wewe andika (+/ % #) 3 5 4 1 7 na ukae kimya. Alama ya kushoto inajumlisha, ya kulia inahesabu, ya katikati inagawanya. Viroba vyenyewe havitajwi ndani ya mabano. Jibu ni 4.

Mabano hayo usiyaguse. Ukiyaondoa, J itahesabu viroba, itapata 5, itagawanya 1 kwa 5, kisha itajumlisha hicho kilichobaki peke yake. Jibu: 0.2. Haitalalamika wala kutoa onyo. Nenda basi ukawaeleze vijana waliokesha shimoni kwamba wastani ni gramu sifuri nukta mbili, ila simama karibu na pikipiki.

Serikali nayo ina nafasi yake. Tuseme unatoa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1: kinachobaki kwenye mauzo yote baada ya hizo mbili ni (0.93 * +/). Alama chache, maumivu yaleyale.

Hatua ya mwisho: usiandike maelezo yoyote pembeni. Baada ya wiki mbili hata wewe hutaelewa ulichoandika, na hapo utakuwa umehitimu.

J yenyewe ni ya bure, na msimbo wake uko wazi tangu 2011. Leseni ya uchimbaji mdogo ndiyo bado inalipiwa.