Zulia la Mama na Vyombo vya Taarab

Zulia la sebuleni kwetu Unguja lilitoka Muscat kwa mkono wa shangazi, nalo ni la sufu tupu. Juu yake tumesoma Maulidi, tumekalia msiba wa babu, na mabibi harusi wa ukoo wamepambwa hapo.

Mdogo wangu, mpiga besi, akaleta nyumbani vyombo vya kikundi chao cha taarab vingojee harusi ya Jumamosi: spika mbili za inchi 18, kinanda na stendi yake, na besi yenyewe, ile kubwa ya kupigwa kwa kusimama. Mama alikuwa Pemba. Aliporudi aliingia moja kwa moja sebuleni, buibui hajalivua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Zulia hili limefanywa nini?”

Spika zikasogezwa. Kila mguu ulikuwa umeacha shimo la ukubwa wa kizibo cha soda, sufu imelala kabisa. Chuma kilichochongoka cha chini ya besi kilikuwa kimetoboa tundu. Na raba za stendi ya kinanda zilikuwa zimeacha madoa ya kahawia. Mama aliinama akayapapasa, hakusema neno, na ukimya ule ulituuma kuliko matusi.

Kazi ikaanza usiku uleule. Kila shimo tuliliwekea kipande cha barafu, kikayeyuka taratibu, tukakausha kwa kitambaa na kuinua nyuzi kwa kijiko. Sufu ikipata maji hujirudi. Kufika asubuhi mashimo yalikuwa hayaonekani. Tundu la besi lilizibwa na jirani yetu mshonaji, kwa nyuzi alizochomoa ukingoni mwa zulia lenyewe. Mwenyezi Mungu amlipe. Madoa ya raba ndiyo yaliyotushinda: si sabuni, si siki. Dawa iliyomo kwenye raba huingia ndani ya uzi na kuubadili rangi, kwa hiyo hakuna uchafu wa kufua.

Ili mashimo yasirudi tena, seremala wa Mwanakwerekwe ndiye aliyetusaidia. Spika ya kilo 50 ikisimama juu ya miguu minne midogo, kila mguu unabeba zaidi ya kilo 12 mahali pa kidole gumba. Akatukatia plaiwudi ya milimita 18, sentimita 60 kwa 60 kwa kila spika, akapiga msasa kingo, na upande wa chini akagundisha kipande cha zulia kuukuu. Uzito ule sasa umetandazwa kote. Besi ilipata kibao chake chenye kishimo cha kukalia chuma, na kamba ya kukifunga kwenye mguu wa kiti kisiteleze.

Basi wewe mwenye mwanamuziki nyumbani, mkatie plaiwudi kabla gari la vyombo halijafika mlangoni, na raba usiiache ilale juu ya zulia hata usiku mmoja.