Diwani Agoma Kula

Ng'ombe akikataa majani, mwenye ng'ombe hupiga simu kwa daktari. Mbuzi akikataa majani, mwenye mbuzi hunoa kisu. Paka akikataa chakula, hakuna anayeshtuka. Mitaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, wengi wanaamini paka mwenye njaa ndiye mshika panya hodari, kwa hiyo asiyekula huhesabiwa kuwa anajiandaa kwa kazi. Si kweli hata kidogo. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, maana kwake kuwinda na kula ni idara mbili tofauti. Lakini nenda kamweleze hayo mama mkwe wangu.

Paka wetu anaitwa Diwani. Jina alipewa na mwanangu wa mwisho, na nawaomba radhi madiwani wote wanaochapa kazi. Ni dume la kijivu lenye tumbo, huonekana sufuria inapofunuliwa na hutoweka panya anapoonekana. Mwezi mzima wa Ramadhani alihudhuria futari bila kukosa. Alikula vichwa vya vibua, ngozi ya changu, hata tambi za sukari, ingawa baadaye nilikuja kujua kuwa paka haonji utamu kabisa. Jeni ya kazi hiyo kwao imeharibika tangu enzi za mababu, na simba naye yumo katika msiba huohuo. Tambi zile basi alizila kwa ajili ya samli, au kwa ajili ya kuonekana tu kwenye shughuli.

Idi ikapita, na Diwani akagoma.

Aliwekewa kibua wake kama kawaida. Alisogelea sahani, akainama, akasimama, kisha akaanza kuparura sakafu kandokando yake, vile paka anavyofukia uchafu. Mama watoto aliyaona yote hayo mwiko ukiwa mkononi.

"Huyu anazika chakula changu?"

"Pengine hajisikii vizuri."

"Miaka yote unakula hapa, umewahi kuona kiumbe anafukia mchuzi wangu?"

Swali la aina hiyo halijibiwi na mwanamume anayetaka kula usiku.

Mwanangu ndiye aliyekuwa na jibu la haraka. "Baba, labda amefunga sita." Ilikuwa Mfungo Mosi kweli, nusu ya mtaa imefunga, na hoja yake ilikuwa na uzito mpaka magharibi ilipoadhiniwa na Diwani akaendelea kulala. Mama mkwe akasema ni jicho. "Mnamsifia kanenepa, kanenepa, hakuna hata mmoja anayesema mashallah. Mlitegemea nini?" Jirani yetu fundi baiskeli alicheka tu. Katika mji wa baiskeli kama huu, fundi anayejaza upepo hupata habari za watu wote, na za paka pia. "Dume hana nyumba moja, bwana. Huyo anakula kwingine. Zunguka uone."

Nikazunguka. Kwa mama muuza vitumbua nilikuta sahani ya plastiki ukutani, imejaa dagaa, na mama mwenyewe analalamika kwamba Mzungu wake hali. Nilipomuuliza huyo Mzungu yukoje, akanielezea Diwani kuanzia masikio hadi mkia. Nyumba iliyofuata ni ya mzee mmoja mstaafu wa bandarini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujamwona Mwajuma wangu huko ulikotoka? Hajagusa kitu."

Mwajuma naye alikuwa Diwani. Nilifikiria kumjulisha mzee kuwa Mwajuma ni dume, nikaona ana huzuni ya kumtosha.

Kwa hiyo hamu haikuwa imehama, ilikuwa imekwisha. Wenye paka wote tukakutana barazani kwangu na kuunda kamati bila kupiga kura. Mzee alikuja na maziwa ya ng'ombe. Ni kosa la upendo hilo, kwani paka wengi wakishakua matumbo yao hayawezi tena sukari iliyomo kwenye maziwa, na mgonjwa asiyekula huwezi kumwongezea kuhara. Mama wa vitumbua alikuja na nusu kidonge cha panado ndani ya kikaratasi. "Mimi nikiumwa sipati hamu ya kula mpaka nimeze hii." Hapo ndipo mama watoto, ambaye alikuwa bado amenuna kwa ajili ya mchuzi wake, aliposema sentensi ya maana kuliko zote zilizosemwa jioni ile: "Kabla hamjampa kitu, si mumuulize daktari?"

Tulipata namba kwa mfugaji wa ng'ombe. Mkoa wetu ni wa maziwa, daktari wa mifugo hapatikani kwa shida, ila ukimwambia mgonjwa wako ni paka husikia kimya kidogo kwenye simu, kama fundi wa matrekta aliyeletewa cherehani. Huyu wetu alikuwa binti mdogo, msomi wa Sokoine pale Morogoro, na kimya chake kilikuwa kifupi. Kuhusu panado alinikatiza kabla sijamaliza. "Usithubutu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka." Mwili wa paka hauna njia ya kuisafisha dawa ile kama wetu, inaharibu damu isibebe hewa, na ini nalo linaumia. Mama wa vitumbua akakirudisha kikaratasi kwenye upindo wa kanga, polepole, macho yake yakiwa kwingine.

"Ni mnene?" daktari akauliza.

"Sana."

"Basi mlete leo, usingoje kesho."

Nilidhani unene ni akiba. Kwa paka ni deni. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kuyavuta mafuta uliyohifadhi na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka ni dhaifu katika kazi hiyo. Linajazana mafuta mpaka linashindwa, fizi na masikio yanageuka manjano, na ini likishaugua ile hamu kidogo iliyobaki nayo inakwisha. Mwembamba ana nafuu kuliko mnene. Kwa maneno mengine, futari za nyumba zote zile zilikuwa zimeanza kumgeukia.

Likaja suala la nani atalipa. Mzee akakumbuka kwamba kwa kweli Mwajuma alikuwa mgeni tu nyumbani kwake. Mama wa vitumbua akasema Mzungu alikuwa akipita njia. Hivyo ndivyo Diwani alivyotambuliwa rasmi kuwa paka wangu.

Tulimtia katika tenga la kuku, tukapanda bajaji. Paka mzima angelivunja tenga lile kwa matusi. Diwani alilala chini bila neno, jambo lililonitisha kuliko kelele. Kwa daktari tulikuta foleni ya jogoo mwenye kikohozi na mama mmoja aliyepakata boksi la vifaranga waliokuja kuchanjwa. Boksi lina matundu, vifaranga wanachungulia, na Diwani yuko futi moja kutoka kwao. Aliwatazama, akageuza uso. Daktari alikuwa mlangoni. "Huyo aingie kwanza," akasema. Mwenye jogoo hakufurahi.

Fomu ilikuwa imechapwa kwa ajili ya wanyama wenye faida. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku. "Paka" aliandikwa pembeni kwa kalamu. Palipouliza lita kwa siku, daktari alipiga mstari, akacheka peke yake. Nami nasema, bila kumlaumu yeyote, kwamba mnyama asiyetoa maziwa wala mayai katika nchi hii huugua kwa kudandia foleni za wenzake.

Uchunguzi wake niliufurahia kwa sababu hata mimi ningeweza kuufanya nyumbani. Alivuta ngozi ya shingoni juu ya mabega, akaiachia, akatazama inavyorudi taratibu. Hiyo ni dalili ya kupungukiwa maji. Akafunua midomo kuona rangi ya fizi, kama zina manjano au zimepauka. Akachungulia meno, maana jino bovu peke yake linatosha kumfanya paka aikaribie sahani kisha aikimbie, na akatazama chini ya ulimi, ambako uzi wa kushonea hupenda kunasa. Akaniuliza kama mtaani kuna aliyetega sumu ya panya, kama tumehama, kama kuna mtoto mchanga au mbwa mpya. Paka huacha kula hata kwa kuudhiwa. Kisha akachukua kipimajoto. Kwa wasiojua, paka hapimwi kwapani. Diwani alikuwa hajatoa sauti tangu nyumbani, lakini kipimajoto kilipofika kituo chake aliamka na kutoa hotuba ambayo jogoo wa nje aliiitikia.

"Nguvu bado anazo," daktari akasema, akisugua mkono. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39; Diwani alizidi kidogo. Pua ilikuwa imeziba, jicho moja linachuruzika, na kwenye ulimi kulikuwa na kidonda kidogo. Mafua. Ya paka, yasiyomwambukiza binadamu, na yenye chanjo yake ambayo mimi, kama kamati nzima, sikuwahi kuisikia.

Na hapo ndipo mgomo ulipoeleweka. Kwa paka, harufu ndiyo chakula. Ulimi wake una vionjeo vichache mno ukiulinganisha na wetu, kwa hiyo kazi yote ya kuamua ameifanyia puani. Pua ikiziba, kibua mbichi na kandambili ni kitu kimoja. Diwani hakuudharau mchuzi wa mtu. Hakujua kama upo. Habari hiyo niliituma nyumbani kwa simu kabla hata ya sindano, kwa sababu za usalama wangu.

Tulirudi na dawa na maagizo. Pua ipanguswe kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Chakula kipashwe moto mpaka kifikie joto la mwili, kiasi cha panya aliyekamatwa sasa hivi, kwani kilichotoka kwenye friji hakina harufu. Kidogo kidogo, mara nyingi. Asilazimishwe kwa kijiko, maana paka akilishwa kwa nguvu wakati wa maradhi hukichukia chakula kile hata akipona. Kisiwe na chumvi, wala kitunguu, wala saumu, kwa kuwa vitunguu humharibia damu. Na avutishwe mvuke wa maji ya moto.

Mama mkwe alisikia hilo la mwisho tu.

"Nyungu!"

Ikumbukwe kuwa mwaka 2020, korona ilipoingia, nchi nzima ilijifunika mablanketi na kujifukiza, na mama mkwe wangu alikuwa mstari wa mbele. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshakwenda uani na kurudi na mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi na malimau.

"Mama, daktari amesema maji matupu. Mkaratusi ni sumu kwa paka."

"Nyungu gani haina majani? Hayo si maji ya kuoga?"

"Ndiyo agizo, mama."

"Haya baba. Mwogesheni."

Blanketi pia lilikatazwa, kwa kuhofia kumbabua. Kwa hiyo niliingia naye bafuni, nikafunga mlango na dirisha, nikaweka ndoo ya maji yanayotokota mbali na makucha yake, tukakaa. Mimi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, yeye mapajani amezongwa taulo. Mvuke ukajaa. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Nikajikuta nikimbembeleza kwa sauti, "Vuta pumzi, baba, vuta, usiogope," na nje ya dirisha nikasikia fundi baiskeli akimuuliza mtu kama nyumbani kwangu kuna anayejifungua. Aliyenufaika kwanza ni mimi; pua zangu zilizibuka zote mbili, nikaijua harufu halisi ya bafu letu. Diwani alipiga chafya usoni pangu, kisha chafya nyingine.

Jikoni kulikuwa na mjadala mwingine. Chakula chenye harufu kali kuliko vyote nyumbani kwetu ni dagaa, na dagaa tulikuwa nao wa aina mbili. Mama mkwe alisema wa Kigoma ni wa watu, paka apewe wa Mwanza. Mama watoto, ambaye sasa alikuwa na mgonjwa asiyekuwa na kosa, alitoa wa Kigoma. Aliwaloweka kutoa chumvi, akawachemsha bila kitu chochote, akalalamika muda wote kwamba hajawahi kupika chakula cha namna hiyo tangu aolewe, akawaponda na kuwapoza kwa kugusisha mgongo wa mkono kama anavyopima maji ya mtoto.

Diwani alinusa. Pua yake ilicheza. Akalamba kidole cha mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa karibu kwa bahati tu, akisisitiza kuwa hana haja na paka. Akalamba tena. Kisha akaishusha shingo kwenye sahani.

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa na wageni. Mzee alikuja kumtazama Mwajuma wake, mama wa vitumbua akamletea Mzungu wake kipande cha nguru, wote wakieleza walivyokuwa na wasiwasi. Gharama za daktari hazikutajwa na mtu. Diwani amerudia tumbo lake, amechanjwa, na panya wamerudi kwenye amani yao.

Kilichobaki ni kwamba hali tena cha baridi. Ukimwekea kibua ambaye hajapashwa anakutazama, anaparura sakafu, na mama mkwe anainuka mwenyewe kuwasha jiko akisema mgonjwa haudhiwi. Juzi nilichelewa kurudi, nikaomba wali wangu upashwe moto kidogo. Niliambiwa gesi inakaribia kwisha.