Mgeni Asiyeaga

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, huwa na michakato ya chinichini, ambayo ni kazi zinazoendelea kompyutani bila dirisha lolote kuonekana, na ambazo huweza kuipunguza kasi. Lakini katika steshenari za mji wa Tukuyu, ambako maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi hujazwa huku mvua ya Rungwe ikipiga bati, lawama za kompyuta kujikokota hutupiwa kwanza mvua, kisha umeme, kisha mwombaji mwenyewe. Kivinjari cha Chrome cha Google, kilichotolewa mwaka 2008, hukipa karibu kila kichupo, yaani kila ukurasa uliofunguliwa, mchakato wake ili kimoja kikikwama kisivikwamishe vingine, fadhila ambayo mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu huilipa kwa kuhema. Hadi mwaka 2023 toleo la Chrome la Windows lilikuwa pia na mkaguzi wa kusaka programu hasidi, ambaye bidii yake mara nyingine ilikula nguvu ya prosesa kuliko wahalifu aliotumwa kuwatafuta. Upo hata mpangilio unaokiruhusu kivinjari kuendelea na shughuli zake baada ya kufungwa, na kuuzima ni kubofya mara moja tu. Lakini baadhi ya mafundi, kwa kuiheshimu ada yao, huanza kwa kupuliza vumbi.